Mwenye mali au dalali? Tovuti za kila siku kwa mkazi wa Dodoma, mbili mbili

Tovuti nyingi tunazofungua ziko makundi mawili. Kuna ya mwenye mali, yaani taasisi au kampuni inayoishika taarifa yenyewe: NECTA (baraza la mitihani) na matokeo, TRC (shirika la reli) na siti za treni. Halafu kuna ya dalali. Inachukua taarifa ya mwenzake, inaipachika kichwa cha habari cha kushtua, inajaza matangazo kila baada ya aya, ndipo inakuletea. Aliyewahi kutafuta chumba Ilazo au kiwanja Nala anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Dalali ana kazi yake, na zipo siku anakuokolea muda. Shida ni kumtumia siku ambayo si yake.

Nina steshenari jirani na chuo, hivyo kutwa nzima nawafungulia watu tovuti. Ulinganisho huu umetoka mezani hapo. Nimetazama mambo matatu tu: je, kazi inaishia hapo hapo au utatumwa kwingine? Inakula bando kiasi gani? Na taarifa yake ni ya leo au ya mwaka juzi? Uzuri wa rangi sikuuhesabu, maana hapo tovuti za serikali zingeanguka karibu zote.

Hali ya hewa: TMA na Yr

Hapa ndipo kuchagua kunakuwa kugumu, kwa sababu hakuna dalali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina meteo.go.tz. Upande wa pili kuna yr.no ya Norway, inayoendeshwa na taasisi ya hali ya hewa ya nchi hiyo pamoja na shirika lao la utangazaji, NRK. Yr iko hewani tangu 2007, ni bure na inafunguka upesi hata kwenye simu ya bei chee. Andika Dodoma, inakupa saa kwa saa: joto, upepo, milimita za mvua, na siku kadhaa za mbele.

Vijana wengi wanaichagua Yr na kufunga mjadala. Mimi nasema uijue kwanza inavyofanya kazi. Kwa sehemu zilizo mbali na Ulaya ya Kaskazini, Yr hutegemea hesabu za ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho kompyuta zake huigawa dunia katika vipande vya takriban kilomita 9 kila upande. Mvua ya kwetu mara nyingi ni ndogo kuliko kipande hicho. Inanyesha Kisasa mpaka mifereji inafurika, Nkuhungu wanakula vumbi. Kwa hiyo ukisoma kwenye Yr kwamba saa tisa alasiri kuna milimita 2, usiichukue kama ahadi. Isome hivi: leo mchana anga lina uwezo wa kuangusha mvua mahali fulani karibu na mji. Kwenye joto na upepo ndiko naiamini zaidi, na mwenye kuanika alizeti au kupaka nyumba rangi hahitaji zaidi ya hapo.

TMA inajibu swali jingine kabisa. Kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na mji wa Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Kwa mvua haba namna hiyo, mkulima haulizi kama kesho itanyesha. Anauliza itaanza wiki gani, itakata lini, na katikati kutakuwa na vipindi vya ukavu au la, ndipo aamue kati ya mahindi na mtama au uwele. Yr haina jibu hilo. TMA hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kabla msimu haujaanza, mkoa kwa mkoa, ikieleza zinatarajiwa kuanza na kuisha lini, na kama zitakuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani.

Ubaya wake ni kwamba taarifa hiyo ni faili refu la PDF lenye maneno ya kitaalamu, na kwenye simu unalisogeza mpaka kidole kinachoka. Mzee mmoja wa Mpunguzi mwenye shamba la zabibu hunijia mvua zinapokaribia. "Mbukwenyi! Mjukuu wangu, nitolee ile karatasi ya mvua." Namprintia ukurasa wenye Dodoma na Singida tu, mengine hayamhusu. Anaikunja mara nne, anaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu ananiuliza kuhusu upepo wa kesho asubuhi, kwa sababu anataka kupulizia dawa ya ukungu, na hapo nafungua Yr. Hivyo ndivyo ningemshauri mkulima yeyote: msimu uuamulie kwa TMA, siku ya kupulizia uitafute kwa Yr. Ila kukitolewa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, sikiliza TMA pekee.

Kwenda Dar: treni na basi

Treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, ikazinduliwa rasmi Agosti 1. Tiketi zinauzwa kwenye sgrticket.trc.co.tz. Unachagua tarehe, treni na siti, unaandika jina na namba ya kitambulisho, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000, na safari huchukua karibu saa nne au pungufu. Kati ya tovuti zote za umma ninazozitumia, hii ndiyo ningeitolea mfano wa kazi inayoanza na kuisha bila kuinuka kwenye kiti.

Sasa kasoro. Ile namba ya malipo ina muda wake; ukienda kwanza kutafuta wakala wa kuweka fedha, siti inarudi sokoni. Weka salio kwanza, ndipo ufungue tovuti. Pili, wiki za Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili mpaka Juni, tafuta tiketi ya Ijumaa mapema, maana mji mzima unakuwa na wageni wanaotaka kurudi Dar siku hiyo hiyo. Tatu, hakikisha jina uliloandika linafanana na la kitambulisho. Kuandika "Baba Neema" kwa sababu ndivyo mtaa unavyokuita hakutakusaidia getini.

Kwa mabasi, mwenye mali ni kila kampuni peke yake, na hapo dalali anakuwa na faida ya kweli. Tovuti zinazokusanya kampuni nyingi hukuonyesha basi la saa kumi na mbili na la saa tatu kwenye ukurasa mmoja, jambo ambalo kampuni yenyewe haiwezi kukufanyia. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, uone nauli elekezi, kwa daraja la kawaida na daraja la kati, usije ukatozwa ya kati kwa basi la kawaida. Na kwa anayekwenda Kondoa au Singida hakuna cha kulinganisha, treni hiyo haifiki. Ni stendi ya Nanenane, asubuhi na mapema.

Ajira

Hapa sina huruma na madalali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iko hapa hapa Dodoma, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na portali yake ni portal.ajira.go.tz. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ile yenye tarakimu 20, unajaza elimu na wadhamini, unapakia vyeti. Ukishamaliza, kila tangazo jipya unaomba kwa dakika chache, mradi barua yako imesainiwa na imeskaniwa ikasomeka. Kuomba ni bure. Orodha za walioitwa kwenye usaili nazo zinatoka upande huo huo.

Kurasa za kukusanya matangazo ya kazi zina faida moja: zinaleta pamoja serikali, benki, migodi na mashirika. Mwenye haraka ya kujua soko likoje zinamfaa. Lakini nimeona tangazo lililokwisha muda likirudishwa na tarehe mpya, na kitufe cha kutuma maombi kinachokupeleka kwenye tangazo la mkopo, kisha kwenye kundi la WhatsApp, na kule kundini mtu anaomba "elfu kumi ya fomu". Zitumie kupata fununu, usizitumie kuomba. Ukiona nafasi ya taasisi ya umma, rudi portalini uitafute. Angalia pia mwisho wa anwani: .go.tz ni ya taasisi za serikali, na ukurasa wenye nembo ya taifa unaoishia na kitu kingine ufunge. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia kwa simu, ripoti kwenye 15040.

Kwa kazi za mashirika na kampuni binafsi, LinkedIn inazidi hizo kurasa kwa sababu unamwona aliyetangaza. Ila wasifu wako uwe umejazwa sawasawa.

Mwenye mtoto shuleni

Matokeo: NECTA, basi. Siku yanapotoka tovuti inalemewa, na hapo ndipo kurasa nyingine zinapovuna watu kwa kuandika "bonyeza hapa". Ukibonyeza unaletwa kule kule NECTA. Subiri usiku uingie, fungua necta.go.tz moja kwa moja.

Mkopo wa chuo una mtego mmoja ambao kila mwaka unatuletea foleni. Watu wanakimbilia mfumo wa HESLB (bodi ya mikopo), kumbe cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na uhakiki una siku zake. Anza na RITA, hata kama dirisha la HESLB halijafunguliwa.

Kwenye kusoma kwenyewe kuna ushindani wa kweli. Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE) ina maktaba mtandao, ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada ambavyo ndivyo vinavyotumika darasani. Shule Direct ina notisi na maswali ya sekondari, yamekatwa vipande vifupi, na mtoto anayesoma kwa simu anaipenda zaidi kuliko kurasa za kitabu zilizoskaniwa. Ubongo Kids na Akili and Me ni katuni za Kitanzania, kwa Kiswahili, zinapatikana YouTube: ya kwanza kwa watoto wa shule ya msingi, ya pili kwa wadogo ambao hawajaanza.

Ningechagua hivi. Darasa la awali, Akili and Me inatosha, na mzazi apate nafasi ya kupika. Wa sekondari aanze na Shule Direct kuelewa mada, kisha arudi kwenye kitabu cha TIE, kwa sababu moja kubwa: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na mtandaoni kumejaa notisi za mtaala wa zamani zisizo na tarehe. Kitabu cha TIE kinakuonyesha ni cha mtaala upi. Notisi ya PDF iliyopita mikononi mwa makundi kumi ya WhatsApp haikuonyeshi.

Kununua, kuuza, na lile gari la Japani

Jiji (tovuti, siyo halmashauri) na Kupatana zote ni madalali waungwana. Wanakutanisha tu, wala hawana mali. Jiji ina bidhaa nyingi na picha nyingi. Kupatana ni nyepesi zaidi kuitumia. Kasoro yao kwa sisi wa huku ni moja, matangazo mengi ni ya Dar. Chagua mkoa wa Dodoma kabla ya kutazama chochote, la sivyo utapenda friji lililoko Mbagala. Kwa vitu vya nyumbani vilivyotumika, hasa wanafunzi na watumishi wanapohama, soko la Facebook la hapa mjini linazishinda zote mbili. Kanuni ya malipo ni ile ile kote: ione, iwashe, ndipo utoe fedha. Anayetaka "ya nauli ya bodaboda" kabla hujaona kitu, mwache.

Kiwanja usikitafute huko. Halmashauri hutangaza vya kwake kwenye mfumo wa TAUSI, ule ule wa leseni za biashara, na cha mtu binafsi unakipekua ofisi ya ardhi kabla ya kuzungumza bei.

Kwenye gari ndiko watu wanakoumia, na ndiko tovuti mbili zikifunguliwa pamoja zinapokuwa na maana kuliko yoyote peke yake. BE FORWARD inakuonyesha gari, picha za kila pembe, kilomita ilizotembea, na bei mbili. Bei ya kuvutia iliyoandikwa juu kwa maandishi makubwa ni ya gari likiwa bandarini Japani. Chagua Tanzania na bandari ya Dar es Salaam, ndipo ionekane bei yenye usafirishaji. Mteja wangu wa kawaida anaishia hapo, anapiga hesabu ya dola kwa shilingi, anafurahi.

Fungua kichupo cha pili: tovuti ya TRA (mamlaka ya mapato), kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Unajaza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi, mafuta, ukubwa wa injini. Kinakupa jumla ya kodi kwa shilingi. Kinatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wa TRA, hivyo hata ukibahatika kupata gari la bei ya kutupa, kodi haishuki kwa bahati yako. Ndani yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokua. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari dogo lililovuka miaka kumi ni asilimia 30. Badilisha mwaka mmoja tu kwenye kikokotoo, uone namba inavyoruka. Gari la mwaka mpya kidogo lenye bei ya juu Japani linaweza kutoka bandarini kwa jumla ndogo kuliko la zamani la bei rahisi. Nani angekwambia hilo kwenye ukurasa wa kuuzia? Si kazi yao.

Na gari likishafika, au bodaboda, tms.tpf.go.tz hukuonyesha kama linadaiwa faini za barabarani kwa namba yake ya usajili. Kagua kabla ya kununua la mtu.

Kujua jambo

Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Kwa historia, wanyama, nchi na watu maarufu inasomeka vizuri na inakula bando kidogo. Kwa mambo ya mtaani kwetu bado ni nyembamba. Makala za kata nyingi za Dodoma ni mistari miwili mitatu: jina, wilaya, idadi ya watu. Ukitaka idadi hiyo kwa uhakika nenda Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nbs.go.tz, ambako sensa ya 2022 inautaja mkoa wa Dodoma kuwa na watu zaidi ya milioni 3. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, isome kwenye ukurasa wa UNESCO. Una picha bora kuliko zetu wenyewe, jambo linaloniudhi kidogo.

Ukigombana na mwenye nyumba au mwajiri, achana na ushauri wa makundini. TanzLII ina sheria na hukumu za mahakama, bure. Hukumu nyingi ni za Kiingereza, lakini karani wa mwanasheria yeyote atakusomea ukimpelekea karatasi yenyewe.

Kupitisha jioni

YouTube siilinganishi na kitu, kila mtu anaijua na kila mtu ameshaishiwa bando kwa sababu yake. Badala yake jaribu Radio Garden, radio.garden. Unapewa tufe la dunia lenye nukta za kijani, unalizungusha kwa kidole, kila nukta ni stesheni inayorusha muda huo huo. Ukitoka Zanzibar unaingia Salvador ya Brazil, unasikia mtangazaji akicheka kwa lugha usiyoijua. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa, hivyo kwa bando dogo unasikiliza jioni nzima.

Wapenda drafti, kuna lidraughts.org: bure, hakuna tangazo hata moja, unacheza na mtu aliyeko Urusi au Uholanzi. Chagua ile ya ubao wa miraba 64, maana ya kimataifa ni ya miraba 100 na itakuchanganya. Sheria za kula hazilingani moja kwa moja na za kijiweni, cheza michache ya kupoteza kwanza. Wa sataranji wana Lichess, bure vile vile tangu 2010, na kwa maoni yangu inaishinda Chess.com kwa sababu kila kitu kimefunguliwa, hata uchambuzi wa mchezo wako. Chess.com ina masomo yaliyopangwa vizuri zaidi kwa anayeanza, ila mengi utayakuta nyuma ya malipo.

Matokeo ya mpira: Livescore kwa anayetaka bao na dakika tu, Sofascore kwa anayetaka kubishana kuhusu nani alipiga pasi ngapi. Livescore ni nyepesi, inafaa ukiwa ndani ya basi mtandao unapokatika katika. Zote mbili huchelewa kidogo kwenye ligi yetu, kwa hiyo siku Dodoma Jiji wanacheza Jamhuri na uko jirani na uwanja, funga simu. Kelele zitakufikia kwanza.